Nunda wa Songea: mnyama mwenye deraya aliyerudi vipande vipande

Waliokulia pwani wanakijua kisa hiki. Sultani alikuwa na paka. Paka akala kuku, akala mbuzi, akala ndama, na kila watu walipokwenda kushtaki, Sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake pia. Mwisho paka akageukia watu. Alipowala wana wa Sultani mwenyewe ndipo mzee akakiri kwamba yule hakuwa paka tena. Alikuwa nunda, mla watu. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alikiandika kisa hicho kama alivyosimuliwa kisiwani na kukichapa mwaka 1870. Mimi nilikipokea kwa bibi yangu, usiku, utambi wa kandili umeshushwa.

Sehemu niliyoipenda ni ya yule mziwanda wa Sultani aliyeapa kumuua nunda. Aliingia porini, akaua mnyama, akamburura hadi nyumbani kwa shangwe. Mama yake akamtazama yule mnyama, akasema siye. Kijana akarudi porini. Akaleta ngawa: siye. Akaleta punda milia: siye. Twiga, kifaru, hata tembo: siye, mwanangu, siye.

“Bibi,” nilimuuliza usiku mmoja, “mama alijuaje kama siye?”

“Kwa alama zake, mume wangu,” akanijibu, kwa utani ule wa bibi na mjukuu. “Mnyama hajulikani kwa ukubwa wake. Hujulikana kwa alama.”

Jibu hilo lilinirudia siku nilipokutana na jina Nundasuchus songeaensis. Ni jina la kisayansi la mtambaazi aliyeishi kusini mwa Tanzania ya leo takriban miaka milioni 240 iliyopita. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2.7, meno yenye makali kama visu vya buchani, na mgongo uliovishwa deraya ya mfupa. Alitangazwa rasmi mwaka 2014 katika jarida la wataalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Waliompa jina walilichukua neno nunda kwetu, kwa maana ileile tunayoijua: mnyama mkali anayewinda.

Sehemu ya pili ya jina, suchus, ni ya Kigiriki na humaanisha mamba. Lakini ukilifuata neno hilo nyuma zaidi unafika Misri, kwa maana Wagiriki walilitoa katika jina la Sobek, mungu wa Wamisri wa kale mwenye kichwa cha mamba. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya jina imetoka katika visa vya Waswahili na nusu ya pili imetoka kwenye kingo za mto Nile. Na songeaensis ni Songea, mji ulio karibu na pale mifupa ilipookotwa.

Nusu dakika, kisha saa elfu moja

Ilikuwa mwaka 2007. Sterling Nesbitt, Mmarekani aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alikuwa katika msafara wa watafiti waliokuja kusini-magharibi mwa Tanzania kutafuta jamaa wa kale wa mamba na ndege. Pamoja naye katika kazi hiyo walikuwamo Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington, Kenneth Angielczyk wa makumbusho ya Field mjini Chicago na Roger Smith kutoka Cape Town. Watu wa kazi hii hutembea wameinamisha vichwa, macho ardhini, siku nzima. Kipande cha mfupa uliogeuka jiwe hufanana mno na kokoto. Wengine hukigusa kwa ncha ya ulimi, kwani mfupa una vitundu vidogovidogo na mara nyingi hunata, na jiwe la kawaida halinati.

Nesbitt ameeleza kwamba aliokota mfupa mmoja, na kabla ya nusu dakika kupita alikwishajua kwamba ni wa mnyama ambaye sayansi haijapata kumwandika. Kisha akatazama chini. Alikuwa amesimama juu ya mifupa. Ilitapakaa kila upande, mmoja juu ya mwingine, ikitoka mwambani taratibu kwa jinsi mvua na jua vilivyoumega mwamba kwa mamia ya miaka. Yote ilikuwa ya mnyama mmoja.

Ukisikia hivyo unaweza kufikiri kazi ilikwisha siku ile. Ndiyo kwanza ilianza. Mifupa ile haikuwa mizima. Ilikuwa maelfu ya vipande, vingine vidogo kuliko punje ya karanga. Watafiti walifika mahali pale mara tatu. Kuvisafisha na kuviunganisha kulichukua zaidi ya saa 1,000 zilizotawanyika katika miaka miwili.

Aliyewahi kuona mtungi wa nyumbani ukianguka sakafuni anaweza kupata picha. Chukua mtungi huo, usage vigae vyake, uvichanganye na udongo na kokoto za rangi ileile, kisha uvizike na kuvifukua tena. Sasa utafute kigae kipi kilipakana na kipi. Unakishika kimoja, unakigeuza, unatazama ukingo ulipovunjika, unajaribu kukikutanisha na kingine. Havikubaliani. Unajaribu cha tatu, cha kumi, cha mia. Halafu mara moja vipande viwili vinakaa pamoja bila hata mwanya wa kupitisha unywele, na mkono unajua kabla ya jicho. Unatia gundi, unaweka kando ikauke, unaanza upya. Hivyo ndivyo pingili za uti wa mgongo zilivyorudi, na mifupa ya miguu, na mabamba ya deraya.

Bonde la Ruhuhu

Mifupa ya Nunda ilipatikana katika bonde la Mto Ruhuhu. Mto huo hushuka kutoka nyanda za juu za kusini na kuingia Ziwa Nyasa karibu na Manda, katika Wilaya ya Ludewa. Kwa muda mrefu wataalamu wa miamba walilijua bonde lake kwa makaa ya mawe. Miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, mwanajiolojia G. M. Stockley aliyekuwa akichunguza makaa hayo aliandika pia juu ya mifupa iliyomo katika miamba. Mwaka 1933 akaja Francis Rex Parrington wa Cambridge, akaondoka na makasha ya mifupa. Miamba iliyotoa mifupa mingi ikapewa jina la Tabaka za Manda.

Wakati wa Nunda hapakuwa na Ziwa Nyasa. Hapakuwa na Bahari ya Hindi wala Atlantiki. Mabara yote yalikuwa yameshikamana kuwa nchi kavu moja, Pangaea, na Ruhuhu ilikuwa mbali bara, bonde pana la mito iliyofurika na kuacha matope. Dunia ilikuwa inajiinua kutoka kwenye msiba. Miaka milioni 252 iliyopita ilitokea tofani ya vifo iliyofuta sehemu kubwa ya viumbe wa baharini na wa nchi kavu, kubwa kuliko ile iliyokuja kuwaondoa dinosaria baadaye. Nafasi nyingi zilibaki wazi. Watambaazi wa aina mpya walizijaza, na miongoni mwao walikuwamo mababu wa mamba na mababu wa ndege. Tabaka za Manda ni moja ya sehemu chache duniani ambako unaweza kuokota ushahidi wa mwanzo ule.

Deraya mgongoni

Tuitazame deraya kwa karibu, maana ndiyo alama inayomtofautisha.

Itazame ngozi ya mgongo wa mamba. Vile vinundu vilivyopangwa safu kwa safu si ngozi ngumu tu. Chini ya kila kimoja kuna bamba la mfupa. Mfupa huo haukutoka kwenye uti wa mgongo wala haukushikana na mbavu. Umeota ndani ya ngozi yenyewe. Ukilitoa bamba hilo na kulisafisha unaona uso wake umejaa vishimo, na ndani mna njia za mishipa ya damu.

Nunda alikuwa na mabamba ya namna hiyo, safu mbili zilizokwenda sambamba kulia na kushoto ya uti wa mgongo. Kila bamba lilikaribia umbo la moyo, na katikati yake palipita tuta la mviringo kwa urefu. Umbo hilo la moyo lenye tuta ni mojawapo ya alama ambazo watafiti wamezitumia kumtenga na watambaazi wengine wote wanaojulikana. Mziwanda wa hadithi alikuwa na alama zake alizofundishwa na mama: masikio madogo, mkia mnene. Wataalamu nao wana zao.

Deraya ilimsaidia nini mnyama ambaye mwenyewe ni mwindaji? Mamba wanaoishi leo hutupa mwanga. Bamba humkinga anapong'atwa na mwenzake, na mamba hung'atana sana. Damu inayopita ndani yake huchukua joto la jua na kulipeleka mwilini. Mama mamba anapotengeneza maganda ya mayai huchota sehemu ya chokaa kutoka katika mabamba yake. Tena mabamba yameshikana na misuli ya mgongo, na husaidia kuubana mwili usiyumbe anapotembea ameinua tumbo. Hili la mwisho lina uzito kwa Nunda. Mjusi wa ukutani hutanua miguu pembeni, lakini miguu ya Nunda ilisimama chini ya mwili, kama ya mbwa au ng'ombe. Alikuwa mzito, aliyetembea wima juu ya miguu minne, mgongo ukiwa umefungwa deraya.

Bamba huweka pia kumbukumbu. Mfupa wa mtambaazi huongezeka kwa misimu, ukikua haraka wakati wa neema na kusimama wakati wa dhiki, na kila kusimama huacha mstari. Katika mamba wa leo wataalamu hukata bamba jembamba, huliweka chini ya hadubini na kuhesabu mistari hiyo kama fundi seremala anavyosoma mizunguko ya mninga.

Siye, siye

Sasa Nunda ni nani? Watu wengi wakiona picha yake husema dinosaria. Siye. Dinosaria walikuja kutawala baadaye, na viungo vya Nunda haviingii katika ukoo wao. Basi ni mamba? Siye huyo pia. Mamba wa kweli walikuwa hawajazaliwa bado.

Fikiria mto unaogawanyika mikono miwili. Mkono mmoja unakwenda kwa dinosaria na kufika kwa ndege wote tunaowaona leo, kuanzia kuku hadi korongo. Mkono mwingine unafika kwa mamba. Nunda amesimama karibu sana na mahali pa mgawanyiko. Kifundo cha mguu wake, mabamba yake na miguu yake vilipolinganishwa na vya wanyama wengine, havikumpa kiti kimoja tu. Uchambuzi mmoja ulimweka upande wa mamba, mwingine ukamweka pembeni kidogo, kabla mikono haijaachana. Watafiti waliandika majibu yote mawili. Naliheshimu hilo. Mama wa hadithi angeweza kusema “ndiye” alipoletewa tembo, watu wakashangilia, kijana akapumzika. Hakusema, kwa kuwa alama hazikutimia.

Bonde la Ruhuhu limetufundisha uvumilivu huu mara nyingi. Mwaka 1939 Mjerumani Friedrich von Huene alimtangaza Parringtonia, mtambaazi mdogo wa Manda mwenye mabamba mgongoni, kwa vipande vichache tu. Vipande vya mnyama mwingine, Nyasasaurus, viliokotwa miaka hiyohiyo ya 1930: mfupa wa mkono na pingili kadhaa. Vilikaa miongo mingi hadi mwishoni mwa mwaka 2012, vilipotangazwa kuwa huenda ni vya dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu mno.

Kisa cha Teleocrater ndicho kinachonigusa zaidi. Parrington aliiokota mifupa yake mwaka 1933. Alan Charig wa London aliichunguza miaka ya 1950 na kumpa jina, lakini hakuweza kusema kwa yakini ni wa ukoo gani, kwa sababu mifupa ya kifundo cha mguu haikuwamo. Charig alifariki mwaka 1997 swali likiwa wazi. Mwaka 2015 Nesbitt na wenzake walirudi Ruhuhu na kupata mifupa mingine ya mnyama yuleyule, kifundo kikiwamo. Mwaka 2017 Teleocrater alitangazwa rasmi: ni wa mkono wa ndege na dinosaria, lakini kifundo chake ni cha mamba. Kipande kimoja kilikuwa kimesubiri wenzake kwa miaka 82.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema kisukuku fulani “ni vipande tu,” huwa nasikitika. Kipande kilichoandikwa vizuri, kikawekwa mahali salama na kuelezwa kimetoka wapi, hakijakosa kazi. Kinasubiri jirani yake aletwe.

Kichwa kisichopatikana

Pamoja na safari tatu na saa elfu moja, sehemu kubwa ya fuvu la Nunda haikupatikana. Tuna vipande vya taya na meno, lakini uso wake hatuna.

Songea kuna kichwa kingine kinachotafutwa, na mtu anayeandika juu ya mji huu hawezi kukipita kimya. Mji umepewa jina la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wapiganaji wenzake wa Vita vya Majimaji. Inaelezwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake bado unakitafuta. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Nduna, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Mifupa ya mtu haifananishwi na ya mnyama. Lakini jina la Nduna huyo sasa limo katika orodha ya viumbe wote wa dunia, na kila mwanasayansi anayemwandika Nunda, awe Tokyo au Buenos Aires, analiandika pia jina la Songea.

Watu wa kusini wanajua vizuri maana ya mifupa kuondoka. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, mkoani Lindi, na zaidi ya tani 200 za visukuku na mawe zikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha zikasafirishwa kwa meli. Yumo Kentrosaurus, mnyama mwingine wa mabamba na miiba mgongoni, ambaye mifupa yake mingi ilipotea Berlin katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua mifupa ile kwa mikono yake, na ilibidi tusubiri hadi mwaka 2007 ndipo jina lake likaingizwa katika jina la dinosaria, Australodocus bohetii.

Nunda ana hali tofauti. Mifupa yake imeandikishwa kwa namba NMT RB48, na herufi hizo tatu za mwanzo ni za Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Ni mali ya nchi yake. Waliomsafisha na kumuunganisha walifanya hivyo kwa niaba ya sayansi, lakini mwenye mnyama anajulikana.

Mvua ijayo

Umiliki wa karatasi, hata hivyo, hautoshi. Nimewauliza watoto wengi juu ya dinosaria, na wananitajia wale wa sinema za Marekani kwa majina magumu yasiyowakwaza ulimi hata kidogo. Nikitaja Nunda wananitazama. Huyu mwenye jina ambalo hawahitaji kufundishwa kulitamka ndiye wasiyemjua. Hayumo katika vitabu vyao vya darasani nilivyoviona, wala katika michoro ya kuta za shule. Mwalimu wa sayansi anayefundisha juu ya mamba angeweza kumleta Nunda darasani leo kwa chaki na ubao tu: safu mbili za mioyo ya mfupa, miguu chini ya mwili, kichwa kimeachwa wazi.

Lipo jambo la haraka zaidi. Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili. Kila msimu, maji yakishuka kwenye makorongo ya Ruhuhu, humega mwamba na kufichua mifupa mipya. Maji hayohayo, msimu unaofuata, huisaga na kuipeleka ziwani. Kati ya kufichuliwa na kupotea kuna muda mfupi, na watafiti wa mbali huja wiki chache kwa mwaka wakijaliwa. Wanaopita kwenye makorongo yale kila siku ni wachungaji, wakulima na watoto wanaokwenda kuteka maji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda visukuku vya wanyama wenye uti wa mgongo, lakini sheria haiwezi kulinda kitu ambacho aliyekiona hakukijua.

Anayeona jiwe lenye vitundu ndani kama mfupa uliokatwa buchani, au vipande vingi vya rangi moja vimetapakaa mahali pamoja, asivichimbe wala kuvibeba. Mahali vilipolala ni nusu ya habari yake. Apakumbuke mahali hapo, apige picha kama ana simu, atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kwa mwalimu, ili ifike Makumbusho ya Taifa. Huenda ni kokoto, na jibu likawa siye. Mziwanda alirudi porini mara ngapi?

Mwisho wa hadithi ya bibi, kijana alimpata nunda mlimani amelala. Hakukurupuka. Alisimama, akazipitia moja moja alama alizofundishwa na mama yake, na zilipotimia ndipo akajua kwamba ndiye. Mahali fulani juu ya Ruhuhu huenda fuvu la Nunda bado limo mwambani, au limekwisha kutoka na linangoja mvua ya mwaka huu. Mtoto wa Songea au wa Manda atakayepita hapo kesho na ndoo yake anastahili kufundishwa alama hizo mapema, kwa lugha iliyompa mnyama mwenyewe jina lake.